Kwamboka Juu ya Paa

Mume wa Kwamboka alipofariki, paa lilianza kuvuja na fundi hakutokea. Kwamboka akachukua nyundo, akapanda mwenyewe. Nyamache nzima ikasema mwanamke akipanda juu ya nyumba analeta mkosi, na aliyepiga kelele zaidi ni jirani yake, Mzee Sylvanus. Kwamboka alipigilia tu, hadi akawa fundi wa kuitwa.

Juzi upepo uling'oa mabati ya Sylvanus. Mafundi wengine hawakupatikana, akamwita Kwamboka, ila akaapa hawezi kukaa ndani mwanamke akiwa juu. Akasimama uani, manyunyu yakimlowesha.

Msumari wa mwisho ulishaingia zamani.

"Bado, mama?"

"Bado kidogo, mzee. Natafuta ule mkosi, nisije nikakuachia."