Zuhura na Pazia

Nakumbuka siku ya harusi yangu, kule Sib, karibu na Maskati, miaka ya tisini. Nilikaa kwenye kiti cha bibi harusi, hina mpaka viwikoni, macho nimeyainamisha kama ilivyotakiwa. Bibi yangu alikaa ubavuni akichunga nisiyainue. Nawe, mwanangu, uliyekuja jana umenuna kwa sababu wapigaji wameukataa wimbo wako, kaa unisikilize.

Mwimbaji wetu alikuwa Zuhura, mshona nguo wa mtaa wa Darsait, ambaye wazee wake walirudi kutoka Unguja. Hakufundishwa muziki na mtu. Nyimbo alizitunga mwenyewe, kwa Kiswahili, huku anashona. Wapigaji walikuwa wanaume, basi walikaa nyuma ya pazia, maana ukumbi ulikuwa wa wanawake. Kiongozi wao alimwambia aimbe zile za Kiarabu zilizozoeleka. Akiimba zake, wao watafunga vyombo.

Zuhura akaanza yake. Wallahi, hakumaliza ubeti wa kwanza, fidla na kinanda vikanyamaza, na kipaza sauti kikazimwa. Nilijua harusi yangu imeharibika, na Zuhura hataitwa tena popote Maskati.

Yeye akakiweka chini kipaza sauti, akachukua sinia tupu la halua, akaliegemeza gotini na kuligonga kwa pete yake. Akaanza upya, taratibu, bila kulitazama pazia. Sauti ile ilijaa ukumbi mpaka mwili ukanisisimka. Nikayainua macho.

Bibi akanifinya, nikainamisha. Kufika ubeti wa pili, wanawake wa nyuma wanaitikia. Wa tatu, hata mama mkwe wangu, mtu mkali yule, anapiga makofi. Bibi akanishika kidevu, machozi yanamtoka.

"Inua macho, mwanangu," akaniambia. "Mtazame mwanamke huyu."

Kaseti aliyoirikodi shangazi yangu kwa redio yake ikazunguka kwenye magari, toka mtaa wa Ruwi mpaka wa Ghubra. Zuhura akaunda kikundi chake, wanawake watupu, na pazia likawa halina kazi. Mpaka leo nikimkumbuka nastaajabu.

Basi nnakwambia, wimbo wako usiuache. Wakiondoka na vyombo, tafuta sinia. Lakini uujue barabara kwanza, kama Zuhura alivyoujua wake, maana siku hiyo hutakuwa na pa kujificha. Mungu akupe sauti, akupe na wa kukuitikia. Na mimi nikiwa hai, nitakaa mbele kabisa, nimeinua macho.