Siku Bibi Alipopimwa Uwanja wa Nachingwea

Mwezi uliopita, nikitokea Ruangwa, nilipita kando ya uwanja wa ndege wa Nachingwea. Hapakuwa na abiria wala mzigo. Nikasimama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama kawaida yangu.

Utotoni mwangu, rafiki yangu, ndege ndogo ya abiria ilitua pale mara mbili kwa wiki kutoka Dar es Salaam. Ukisikia mngurumo wake, unaacha kutwanga na kukimbia kuwatoa mbuzi njiani.

Mwaka mmoja bibi yangu wa Naipingo alipangiwa upasuaji wa macho Dar, asubuhi ya pili baada ya siku ya ndege. Hakuona vizuri, hakuweza kusafiri bila wa kumshika mkono. Mama alikuwa na kichanga, kwa hiyo nikateuliwa mimi, msichana wa miaka minane. Mjomba aliyeishi huko angetupokea.

Bibi alikuwa amesikia kwamba mizigo hupimwa. Hakuna aliyemwambia kwamba na abiria hupimwa. Basi korosho zote za kumpelekea mjomba akazifunga kiunoni, chini ya vitenge vitatu, pamoja na ming'oko, vile viazi vya porini kwetu, ya kuchemsha iliyokuwa bado ya moto.

"Bibi, panda kwenye mizani," karani wa shirika la ndege alisema.

"Mimi? Kwani mimi gunia?"

"Ndege ni ndogo, bibi. Tunapima kila kitu."

Akapanda. Karani akatazama mshale, akamtazama bibi, akautazama tena mshale.

"Bibi, mbona umenenepa upande mmoja?"

Watu wakacheka. Kisha karani akasema bila utani, "Uzito umezidi. Mtoto abaki, au hicho cha kiunoni kibaki."

Nikaanza kuwaza: korosho zinasubiriwa na mjomba, mimi nasubiriwa na nani? Bibi hakuwaza. Alifungua fundo palepale.

"Korosho zitanishika mkono? Kuleni, wajukuu zangu."

Tuliporuka, waliobaki chini walikuwa wanatafuna.

Huko Dar, bandeji ilipotolewa baada ya upasuaji, bibi alinitazama, halafu akagusa paji langu la uso.

"Hili kovu umelipata lini?"

Nilikuwa nalo mwaka mzima. Siku nilipoanguka nilimwambia sikuumia, naye akaniamini.

Shirika lile liliacha kuja Nachingwea, na bibi ameshafariki. Siku hizi, kwenye usaili wa kazi, watu hutazama vyeti vyangu kwa makini sana. Hakuna aliyewahi kunitazama usoni akauliza habari za kovu.