Kupima Maji ya Chaza, Mtongwe

Nilitumwa Mtongwe kwa sababu ya chaza. Watu kadhaa wa mjini kisiwani walikuwa wameugua matumbo baada ya kuwala, na ofisi ya afya ikataka kupiga marufuku wasiuzwe. Daktari niliyemfanyia kazi maabara akasema tupime kwanza. Njia yake ilikuwa mpya kwetu: tone la maji linawekwa kwenye sahani ya kioo yenye mwani uliochemshwa ukaganda. Sahani inafungiwa kabatini penye joto, na vijidudu vilivyomo vinazaana mpaka vinaonekana kama madoa.

Asubuhi, Changamwe. Basi lilichelewa, nikachukia. Nilipakata kikapu cha chupa zilizookwa kwa moto zisibaki na kijidudu, kila moja imefungwa karatasi.

Likoni nilishuka feri, nikaenda kwa miguu hadi Mtongwe, kwa Mama Mwanasha. Yeye na wenzake hubandua chaza kwenye mizizi ya mikoko, na ndiyo riziki yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona wahema? Wakimbizwa?"

"Nataka maji ya pale kwenye chaza, nirudi zangu."

"Bahari imejaa. Kaa ule."

Nilikula wali wake, jicho liko baharini. Maji yalipotoka nikafuata kikapu. Chupa zangu zilikuwa uani, zimepangwa kichwa chini, zinang'aa. Karatasi zilikuwa zimetumika kuwashia moto.

"Nimekuoshea," alisema. "Mgeni hatoki kwangu na vyombo vya vumbi."

"Mama, umeziharibu! Zilikuwa safi!"

"Nimeziharibu kwa maji ya kisima changu? Alichochimba baba?" Wenzake wakaangua kicheko. "Basi kesho ukipime nacho, msomi."

Kesho yake nilikuja na chupa nyingine, na sikuziweka chini hata nilipokaribishwa chai. Nilijaza za mikokoni, moja nikaijaza kisimani.

Maabara. Baada ya kungoja kulikonichosha, tulifungua kabati. Sahani za mikokoni zilikuwa na madoa machache. Ya kisima ilikuwa imetapakaa. Daktari akauliza wanawake huwafanyaje chaza kabla ya kuwaleta mjini. Nilikuwa nimewaona: huwatoa kwenye makaka, yale maganda yao magumu, huwasuuza kwa maji ya kisima kile kile.

Nilirudi Mtongwe na majibu.

"Chaza wako hawana neno, mama. Uza, lakini na makaka yao, usiwasuuze."

Wenzake wakapiga vigelegele. Yeye hakupiga.

"Na kisima?"

"Vijidudu vimo humo. Kinafungwa mpaka kitiwe dawa. Maji mtateka kwingine."

Alikiangalia kisima. Mimi nilidhani safari ni kuchota maji na kurudi. Kumbe kazi ni kumwambia mtu kilichomo.

"Sasa mgeni nitampa nini anywe?" aliuliza, kisha akamgeukia mmoja wa wenzake. "Haya, lete panga. Tumwangulie dafu."