Nta ya Bibi Asila na Mlango wa Mbele

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, watu wa mtaa wetu wa Isevya walimwona ami yangu Fauzi, mfanyabiashara mzima na kanzu yake iliyopigwa pasi, anakata mbuga barabarani na godoro kichwani.

Godoro la sufi. La bibi.

Nyuma yake nyuki.

Kuna waliosema ni majini. Kuna mmoja alisema kamuibia mama yake godoro. Mimi nilikuwepo, na mkono wangu ulikuwemo, kwa hiyo tulieni niwape mkanda mzima.

Naitwa Ruqayya. Naishi na bibi yangu, Bibi Asila, kwenye nyumba ya zamani hapahapa Tabora mjini. Nyumba ni ya kipwani kabisa: baraza mbele, uani nyuma, na mlango mkubwa wa mninga wenye nakshi ambao mababu waliuleta kwa wapagazi kutoka pwani.

Bibi mwenyewe bahari hajawahi kuiona hata kwa bahati mbaya. Lakini mama yake alitoka huko, akamfundisha kuandaa nyumba kabla ya mvua, na bibi habadilishi hata nukta. Oktoba ikikaribia kuisha, joto linapika mpaka vumbi, bibi anatangaza vita.

Magodoro yote juani. Masanduku yafunguliwe, nguo zifukizwe udi. Mabati yazibwe kwa lami. Mifereji izibuliwe. Mwisho kabisa, mlango wa mbele upakwe mafuta ya nazi, usije ukavimba kwa maji.

Jeshi la vita hiyo ni mimi peke yangu.

Sasa, mwaka juzi ami Fauzi alinipigia kutoka Dar.

"Ruqa, kuna hoteli ya pwani inautaka ule mlango. Wanautaka jana."

"Bibi je?"

"Bibi mzee, hasikii vizuri, atajuaje? Tutaweka geti la chuma. Na pale ukutani nakutobolea fremu, ufungue saluni yako."

Jamani, saluni.

Nilikuwa nasuka watu chini ya kibanda cha mabati, mvua ikinyesha wateja wanakimbia na nywele nusu. Nikajiona niko ndani ya fremu yangu, kioo ukuta mzima. Shetani hakupata kazi siku hiyo, nilimfanyia mwenyewe.

Tukapanga. Alhamisi bibi anakwenda Ipuli kwenye hitima, atashinda huko. Ami atakuja na fundi na gari la mizigo. Bibi akirudi atakuta geti, atalia siku mbili, ya tatu atazoea.

Haya yote tuliyapanga kwa simu ya sauti kubwa, mimi nimekaa uani naanika magodoro, bibi yuko hatua tatu kutoka kwangu anachambua mchele.

Si hasikii?

Jumatatu bibi akanipa kopo la kupaka mlango. Nikafungua. Siyo mafuta ya nazi. Kitu cha njano, kizito, kinanuka asali na mchaichai.

"Bibi, hii nini?"

"Ehee?"

"HII NINI?"

"Nta. Mwaka huu nataka kitu kinachoshika. Paka vizuri pale juu, kwenye nakshi. Ule ufa walioula mchwa, ingiza mkono mpaka ndani."

Ule ufa ulikuwa shimo kabisa, boriti ya juu ilikuwa tupu ndani. Nikapaka huku nanung'unika. Mlango wenyewe unaondoka Alhamisi, nawapakia wenye hoteli? Lakini nikapaka, maana bibi alisimama chini akinihesabia kila ua la nakshi.

Nilipomaliza akasema, "Usifunguliwe siku tatu. Nta iingie kwenye mti. Tutapita uani."

Sawa, amri ya jeshi.

Alhamisi asubuhi bibi akajifunga buibui, akaita bajaji. Kabla hajapanda akanigeukia.

"Fauzi akija, mwambie apite uani."

"Kwani ami anakuja?"

"Nimesema anakuja? Nimesema akija."

Akaondoka. Nikajipa moyo: mzee yule, anaropoka tu.

Nusu saa baadaye gari likasimama mbele. Ami kashuka na kanzu nyeupe, manukato mtaa mzima. Pamoja naye fundi mmoja anaitwa Xavery, mkanda wa patasi na nyundo kiunoni. Mimi nikazunguka kupitia uani kuwapokea.

"Shikamoo ami. Bibi alisema ukija upite uani."

"Marahaba. Nipite uani kwani mimi mwizi?"

Swali lenyewe lilikuwa gumu.

Xavery akapanda kwenye stuli, akaweka sikio kwenye boriti.

"Bosi, humu ndani kuna kitu kinanguruma."

"Ni transfoma ya pale nje. Gonga, fundi, tuna haraka."

Xavery akagonga.

Mara moja tu.

Walitoka kwenye ule ufa kama mchele unaomwagika guniani. Xavery aliruka kutoka kwenye stuli, sikumwona tena hadi Jumamosi. Dereva akapandisha vioo akaondoka, nyundo imebaki, bosi kabaki. Mimi nikaingia kwenye gunia la mkaa, tupu kwa bahati yangu.

Ami akakimbilia uani (sasa ndiyo akapita uani), akakuta magodoro juani, akajifunika moja, akatokea upande wa pili. Mengine mtaa mzima uliyaona.

Nilipotoka kwenye gunia, mweusi kama chungu, nikaona kwenye mfuniko wa lile kopo kuna namba ya simu na jina: Gervasi, Ulyankulu. Nikapiga. Bahati nzuri alikuwa mjini sokoni anauza asali.

Akaja. Mtu mpole, mrefu, anaongea polepole. Akauangalia mlango, akanusa kopo, akaniangalia mimi.

"Dada, hii nani kaipaka?"

"Mimi."

"Hii siyo ya mlango. Hii sisi tunapaka kwenye mizinga mipya kabla ya mvua, ili kundi likipita lijue hapa pana nyumba. Bibi aliniagiza mwenyewe. Aliniambia ana mzinga mmoja mkubwa."

Nikakaa chini.

Kweli ukimuona kobe kainama, jua anatunga sheria.

Saa kumi bibi akarudi. Akapita uani bila kuulizwa. Ami yuko kwenye mkeka, mdomo umevimba mpaka pua haionekani vizuri. Bibi akavua buibui, akachukua kitunguu, akakikata, akaanza kumsugua.

"Pole, mwanangu. Kwani hukuambiwa upite uani?"

"Mama, ulijua?"

"Ehee?"

"ULIJUA?"

"Usinipigie kelele, nasikia." Akaendelea kusugua. "Fauzi, mlango huu niliingilia nikiwa bi harusi wa miaka kumi na saba, baba yako kanishika mkono. Yeye tulimtoa kwa mlango huohuo, kwenye jeneza. Na mimi nitatokea hapo. Mlitaka mnitoe kwa geti la chuma, kama mkaa?"

Ami akalia. Aling'atwa mara kumi na tisa hakulia, hapo akalia. Na mimi nililia. Niliona aibu mpaka nikatamani nirudi kwenye gunia.

Gervasi akakohoa. "Bibi, niwatoe hawa nyuki?"

"Waache mpaka mvua ikatike. Nani ataugusa mlango wenye wenyewe?"

Msimu wote wa mvua tulipita uani. Hoteli ikatafuta mlango kwingine. Mwezi wa tano Gervasi akawahamishia nyuki kwenye mzinga wao, boriti ikazibwa, mlango ukafunguliwa, hata nakshi moja haijaharibika.

Siku hiyo nikamfuata bibi.

"Nisamehe. Mimi ndiye niliyemwambia ami siku ya hitima."

"Najua. Unadhani kwa nini nilikupa wewe kopo? Aliyeuza mlango ndiye aulinde."

Kisha akanionyesha ule upande wa baraza usiotumika, wenye kivuli na paa lisilovuja.

"Kioo chako weka pale. Ungeniomba tu."

Ungeniomba tu! Maneno mawili yale yaliniuma kuliko nyuki. Leo nasukia pale barazani, mvua inyeshe isinyeshe.

Ami alikuja Juni. Bibi akamwekea asali na mkate. Akalamba kijiko, akaongeza, akafunga macho.

"Mama, asali ya wapi hii? Tamu hatari."

"Ya nyumbani," bibi akasema. "Kula, nawe uliigharamia."

Funzo langu ni moja, wadogo zangu. Kabla hujachukua kitu kwa mlango wa nyuma, jaribu kuomba mbele. Na mzee akikwambia hasikii, punguza sauti ya simu.