Siku Baba Alipomtania Baba Yake

Baba yangu alistaafu kazi ya askari jela akarudi Susuni na sanduku la bati, kiti cha kukunja na maneno mengi. Alikuwa ameondoka nyumbani kijana, akakaa Tabora na Tanga karibu maisha yake yote ya kazi. Likizo zake zilikuwa fupi, maharage yaliyopandwa siku ya kufika kwake yaliota akiwa amekwisha kuondoka. Sasa alikuwa amerudi moja kwa moja, na hakuna aliyejua afanye nini. Ng'ombe walikuwa na wachungaji, mashamba yalikuwa na mama. Basi akaweka kiti chake mbele ya nyumba, akashika kikombe cha chai, akaanza kuitazama dunia na kuisema.

Wakati ule upande wa Kenya kulikuwa na matata, na askari wa mpakani pale Sirari walimwuliza kila mpita njia kipande chake cha kujitambulisha. Baba akasema, "Mpaka wenyewe umepita katikati ya malisho. Ng'ombe anakula Kenya, anakunya Tanganyika. Siku wakubwa wakijua, watatuambia ile mbolea tuirudishe." Bwana Shamba alipokuja kuhimiza watu walime mihogo, baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza kwa adabu kama yeye leo amekula mihogo. Hata habari za kujitawala, ambazo watu walianza kuzinong'ona kwenye pombe, alikuwa na neno lake juu yake.

"Mimi nimewafungulia watu lango," alisema. "Mfungwa akishatoka nje, kwanza anasimama. Anangoja mtu amwamuru aende. Na sisi siku hiyo ikija tutasimama kidogo pale nje. Mtaona."

Watu walicheka.

Mimi sikufanana naye. Nilisoma mpaka darasa la nne, na kuandika naandika polepole, lakini kusema ndiko kulikonishinda zaidi. Dukani nilionyesha kitu kwa kidole. Msichana niliyetaka kumwoa nilimwona mnadani, nikaendelea kumtazama mnada baada ya mnada, mpaka yeye mwenyewe akanijia.

"Kunyamaza kwako nimekwisha kukusikia," aliniambia. "Sasa tuma watu waje kwetu waseme. Yuko mtu wa Nyakunguru, mchimbaji dhahabu. Ng'ombe wake wako tayari na kaka ameanza kumsikiliza."

Baba yake msichana alikuwa amefariki, kwa hiyo mwenye neno katika nyumba yao alikuwa huyo kaka, kijana aliyenizidi umri kidogo tu. Tulituma watu, wakasikilizwa, na siku ikawekwa. Kwetu, kabla ya mahari kukubaliwa, watu wa msichana huja kwa mposaji kuwakagua ng'ombe zizini. Kaka akaja pamoja na mzee mmoja wa ukoo wao.

Baba aliwapokea vizuri. Walipoingia zizini akasema, "Kagueni taratibu. Hawa si wafungwa, hawajaiba kitu." Yule mzee akatabasamu. Kaka hakutabasamu. Alimshika dume mmoja pembe, akamtazama meno, akamwacha. Akamtazama wa pili, akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye uzio, nikihesabu madume waliobaki.

Baba akaona afadhali awachangamshe. "Na wewe kijana," akamwambia kaka, "unavyowatazama hawa madume, wewe mwenyewe umekwisha kutahiriwa, au bado unangoja wenzako?"

Kambini, mbele ya askari wenzake, pengine wangecheka mpaka wakashika mbavu. Pale zizini hata ng'ombe naona walinyamaza. Kaka alifuta mikono yake kwa majani. Mzee aliokota fimbo yake. Mama alikuwa amekwisha kusonga ugali na kuku yuko mezani, lakini hawakuingia hata ndani. Waliondoka bila kuaga.

Baba mdogo, mdogo wake baba, aliyekuwa nasi zizini, ndiye aliyefungua kinywa kwanza. "Ndugu yangu, umemtukana baba yako."

"Baba yangu alikufa nikiwa Tabora."

"Basi umemtukana aliyebaki. Ndiye yule anayekwenda."

Kwetu Wakurya kila mtu huzaliwa ndani ya kundi la kizazi chake, nasi tunaliita irikora. Kundi hilo halitazami umri, linafuata kundi la baba wa mtu. Mzee akiendelea kuoa mpaka uzeeni, mtoto wake wa mwisho anaweza kuwa, kwa vizazi, baba wa mtu mwenye mvi, na yule kijana alizaliwa katika kundi moja na babu yangu. Na baba hataniwi, wala hatajiwi mambo ya mwili. Anayetaniwa ni babu. Kila mchungaji wa Susuni analijua hilo kabla hajajua kukamua. Baba yangu aliwahi kulijua, akalisahau huko kwenye vyeo vya jela.

Baba mdogo alikwenda kwa wakwe na kurudi na maneno yao. Tupeleke mbuzi na pombe ya ulezi. Baba aende mwenyewe, aombe radhi, na kuanzia hapo asimtanie yule kijana tena.

"Nisimtanie mpaka lini?" baba akauliza.

"Mpaka afe."

"Yule ni kijana. Nitatangulia mimi."

"Haya. Mpaka utangulie."

Kisha baba mdogo akanigeukia. "Na wewe, kwa sababu yeye ni baba wa baba yako, kwako ni babu. Wewe ndiye wa kumtania. Watakungoja useme. Ukikaa kama jiwe wataona bado tuna kinyongo, au tunawadharau."

Nilitamani waniambie niongeze ng'ombe.

Tulitoka asubuhi, baba mdogo mbele na mbuzi, mama na shangazi na vibuyu, mimi na baba nyuma. Nilikuwa napanga maneno na kuyaacha njiani moja moja. Baba naye alikuwa kimya, jambo ambalo sikulizoea. Tulipofika mtoni alikaa kuvua viatu, akasema bila kunitazama, "Kule kazini askari alikuwa wa kupiga au wa kutania. Mimi nikachagua kutania. Sikujua nikifika kwetu ni lazima nijifunze upya nani wa kucheka naye." Akafunga kamba za viatu pamoja, akavitundika shingoni, tukavuka.

Kwa wakwe, baba alifanya kama alivyoambiwa. Alivua kofia mbele ya yule kijana, akaomba radhi kwa sauti ndogo, akaenda kukaa pembeni macho chini. Mbuzi akapokelewa. Chungu cha pombe kikawekwa katikati, mirija ikaingizwa. Hakuna aliyekunywa. Wote walinitazama mimi.

Kaka akanisaidia kuanza. "Mjukuu wangu," alisema, uso mkavu, "nasikia umekuja kunichukulia bibi yako. Nimekukosea nini?"

Maneno yangu yote ya njiani yalikuwa yamekwisha. Nilimtazama usoni, na nikaziona ndevu zake, chache, zile za kwanza.

"Hujanikosea, babu," nikasema. "Ni kwamba umezeeka. Tumeona huwezi tena kumtunza."

Kisha yule mzee wao akapaliwa, na kaka akacheka mpaka akaushika mguu wangu asianguke. Ndani ya nyumba wanawake walipiga vigelegele, na nikamsikia msichana akisema, "Kumbe anasema." Baba peke yake hakucheka, maana haikuruhusiwa kwake. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, kofia ameikaza mdomoni kwa mikono miwili.

Ng'ombe wetu walikwenda, na mke wangu akaja. Siku ile ya radhi, njiani kurudi, baba alinihesabia mizaha yote ambayo ningeweza kuisema, na mingi ilikuwa mizuri kuliko wangu. Sasa shemeji akija kututembelea, baba humsalimu kwa heshima, humpa kiti chake cha kukunja, kisha huenda zizini na kukaa huko mpaka mgeni aondoke. Mimi hubaki naye barazani. Ni lazima niseme, kwa kuwa hakuna mwingine wa kusema.