Siku Nilipoipunguza Besi ya Babu

Jamani, aibu niliyoipata kanisani Dindira sijawahi kuisimulia bila kufunika uso, lakini leo nasema. Kwaya yetu ilikuwa inazindua nyimbo, na fundi wa kurekodi ni mimi (fundi wa kujifunzia kwenye simu, tusidanganyane). Babu yangu mzaa mama aliimba besi kwenye kwaya hiyo tangu mama hajazaliwa, sasa kifua kimechoka, na mmoja wa nyimbo hizo ndio ulikuwa wimbo wake wa mwisho kurekodi, una ubeti anaoimba peke yake. Nilitaka sana sauti yake ibaki.

Basi nikashuka Korogwe kununua hedifoni. Muuzaji akanivalisha za kawaida, nikaona zimepooza, akanivalisha nyingine, loh, besi inatikisa mpaka meno, nikachukua hizo hizo. Nikakaa nazo kusawazisha nyimbo, kila nikisikiliza naona besi imezidi, napunguza, bado imezidi, napunguza tena (kumbe iliyozidi ni ya hedifoni zenyewe, zinaongeza ya kwao juu ya kila kitu, na mimi huku namkata babu yangu).

Siku ya uzinduzi babu kakaa mbele na suti yake, kaalika mpaka ndugu wa Sindeni. Wimbo ukaanza kwenye spika kubwa, sauti za akina dada nyembamba kama mbu, ubeti wa babu ukafika, kinasikika kinanda tu. Babu akatega sikio, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mjukuu wangu, mbona mimi sijaanza?"

Kanisa zima likacheka. Nikakurupuka, nikafungulia besi mpaka mwisho, spika zikaunguruma, mabati yakatetemeka, watoto wakaangua kilio, mchungaji akaniashiria nizime. Nikazima, nikajificha nyuma ya spika, nikalia.

Babu akanifuata huko polepole, akauchukua mkono wangu akauweka kifuani kwake, akauimba ule ubeti chinichini mpaka kiganja kikatetemeka.

"Umesikia? Ndivyo nilivyo. Karudie."

Bahati nzuri rekodi ya mwanzo nilikuwa sijaifuta, nikaazima hedifoni zisizo na mbwembwe, nikarudia yote. Na nimeapa, besi ya mtu siigusi tena kabla sijamsikia akiimba mbele yangu, bila waya wowote.

Nikampelekea babu nyumbani. Akausikiliza ubeti wake amefumba macho, ulipokwisha akavua hedifoni.

"Bibi yako yuko wapi? Mwite aje anisikie."