Siku Nilipozindua Tovuti Iliyokuwa Kwenye Laptop Yangu

Nimechelewa kuieleza habari hii kwa sababu kila nikiianza nahisi masikio yanapata moto, lakini kwa kuwa akina mama wa Buganguzi wameshaisambaza hadi Kagoma (na kila anayeisimulia anaongeza chake), ni afadhali muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia hapa Bukoba mjini, na kwetu ni Buganguzi, Muleba, ambako mama yangu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa usharika wanaosuka vikapu na mikeka. Kule nyumbani naitwa mtaalamu wa kompyuta. Utaalamu wenyewe ulitokana na siku moja nilipoichomoa printa ya mchungaji kwenye umeme nikairudisha, ikafanya kazi, basi sifa ikabaki. Kwa hiyo Mama aliposema kikundi kinataka tovuti ili watu wa mbali wavione vikapu vyao, hakuna aliyeuliza nani ataitengeneza.

Nilijifunza kwa video, nikatengeneza kurasa kwenye laptop yangu, picha ya kila mama na kikapu chake, jina lake chini, na kwa kweli zilipendeza. Kilichobaki ni jina la tovuti, lile ambalo mtu analiandika kwenye simu ili aifikie, ndilo wanaloliita domeni. Nikaenda kwa Justus, fundi mwenye ofisi ya intaneti mjini, akanisajilia jina zuri la kikundi, halafu akaniuliza bila kuinua macho, "Hosting unayo, mwalimu?"

Hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Sikujua hosting ni nini, ila nyuma yangu palikuwa na foleni, na katika foleni alikuwemo mzazi wa mwanafunzi wangu, nikaona haipendezi mwalimu asikike anauliza vitu vidogo. Nikajibu, "Ninayo." Justus akasema sawa, nikatoka nikipiga mluzi.

Mimi nilidhani ukishasajili jina, kurasa zako zinajua zenyewe pa kwenda. Kila nikizifungua kwenye laptop zinafunguka (kumbe nafungua mafaili yangu mwenyewe, kama mtu anayejipigia hodi chumbani kwake), nikampa Mama taarifa kwamba tovuti iko tayari, Mama akaagiza fulana za njano zenye jina la tovuti mgongoni, mchungaji akatangaza uzinduzi Jumapili baada ya ibada, akaalikwa pia mama mmoja mwenye duka la zawadi Bukoba, ambaye alikuwa amesema akiona tovuti yenye picha na majina ya wasukaji atawaonyesha wateja wake. Nami kwa kujikweza nikawakataza wote wasiifungue kabla ya siku hiyo, eti watapunguza utamu.

Siku ikafika. Mwinjilisti Elisha, anayejua Kiingereza kuliko sisi wote, akapewa heshima ya kuliandika jina kwenye kompyuta ya usharika iliyounganishwa na projekta. Ukutani ukatokea ukurasa mweupe wenye maneno machache ya Kiingereza, na chini yake tangazo lenye picha ya binti anayetabasamu. Mwinjilisti, ambaye haachi kazi nusu, akaanza kututafsiria kwa sauti ileile ya kusomea Injili: "Jina hili limesajiliwa. Hapa bado hakuna tovuti." Akashuka mstari, akaendelea. "Kutana leo na wanawake wapweke wa eneo lako."

Wanawake wa eneo hilo walikuwa wamekaa mbele yake kwenye mabenchi, wengi wao wajane wenye wajukuu, kila mmoja na jina la tovuti hiyo mgongoni.

Badala ya kukiri, nikasema, "Ni mtandao tu unasumbua." Basi kila mwenye simu akataka ajaribu ya kwake, walioko nyuma wakilisoma jina kwenye mgongo wa aliye mbele, na binti yuleyule akatabasamu kwenye simu zote.

Nikampigia Justus. Mama akasema, "Weka sauti ya juu, waitu, tafadhali, tumsikie wote." Nani angemkatalia mwenyekiti.

"Si ulisema hosting unayo?" Justus akauliza. "Kurasa uliziweka kwenye seva ipi?"

"Ziko kwenye laptop."

"Laptop ya nani?"

"Hii hapa mezani."

Mchungaji akakohoa. Justus, asiyejua kwamba anahutubia usharika mzima, akanieleza taratibu kwamba jina ni kibao cha barabarani kinachoonyesha njia, na hosting ni nyumba yenyewe, yaani nafasi kwenye kompyuta isiyozimwa, inayozitunza kurasa zako ili mtu yeyote azione saa yoyote. "Wewe umesimamisha kibao, mwalimu, lakini nyumba hakuna, na vyombo vyote umevibeba begani."

Nikasimama nikawaambia ukweli, kwamba sikujua na niliona aibu kuuliza. Nikajiandaa kukaripiwa na Mama. Akasema, "Mwana wange, kama vyombo unavyo, tuonyeshe vyombo."

Laptop ikaanza kupita kutoka mapaja hadi mapaja, yule mama wa duka akiifuata benchi kwa benchi. Bibi Ester, mkubwa kuliko wote, alipofika kwenye picha yake akaigusa kwa kidole kimoja.

"Kwa hiyo watu wa Ulaya wananiona hapa?"

"Bado, bibi. Hapa tunakuona sisi tu."

"Basi kabla hawajaniona, piga nyingine. Hicho kilemba ni cha shambani."

Yule mama wa duka akacheka hadi akakaa, akaondoka na vikapu viwili vya Bibi Ester, akasema tovuti ataisubiri.

Jumatatu nilirudi kwa Justus, nikamwomba mbele ya foleni yote anieleze tangu mwanzo. Tukapata hosting, tukapakia kurasa, jina tukalielekeza huko, na kesho yake Mama akanipigia kusema tumefunguka. Bibi Ester ana kilemba kipya. Ila nikienda Buganguzi, wale akina mama wananipokea kwa kusema, "Mwalimu, karibu, sisi wapweke wa eneo lako tupo."

Siku hizi nikitengeneza chochote cha mtandaoni nakifungua kwanza kwenye simu ya mtu mwingine, tena aliye mbali. Na nikitajiwa kitu nisichokijua, nasema sijui hata kama kinaliwa, halafu navuta kiti nielezwe.